Maji ya Jioni Hayakusomwa

Barua ya kumsimamisha kazi Mzee Levi Onditi aliichapa Phelesia Aloo mwenyewe, kwenye kompyuta ile ile aliyoitumia kuandikia programu zake. Ilikuwa Jumatatu, wiki ya kwanza ya Novemba 1997, na mvua ilikuwa imepiga kambi juu ya mabati ya ofisi yao mjini Migori tangu Ijumaa. Injinia Mochama, mkuu wa kituo, alisimama nyuma ya kiti akimsomea maneno.

"Andika: vipimo unavyoleta havilingani na vya mashine. Nukta. Andika: imeonekana kwamba unabuni tarakimu."

Phelesia akaandika bila kusita. Kusema kweli, alianza kumshuku yule mzee kabla hata Mochama hajamshuku.

Alikuwa na miaka ishirini na tisa. Alizaliwa Awendo, katika nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha sukari, baba yake akiwa fundi wa trekta za kuvuta miwa. Baba huyo alikuwa na msemo wake kila alipolala chini ya trekta: "Mashine haina kijicho. Ikikataa, ina sababu. Binadamu ndiye hukataa bure." Phelesia alikua nao. Tena alipokuwa kidato cha tatu aliongoza hesabu wilaya nzima, na mwalimu mmoja akasema mtoto wa fundi hawezi kupata alama zile bila kuiba. Akafungiwa ofisini kwa mwalimu mkuu, akarudia mtihani peke yake, akapata alama mbili zaidi. Hakuna aliyemwambia pole. Kuanzia hapo akajifunza kuweka ushahidi wa kila jambo, na kutomwamini mtu kwa upole wa sura yake.

Alisomea kompyuta chuo kikuu Nairobi, na mwaka 1993 akaajiriwa na kituo hiki kidogo kilichopima kina cha ziwa. Kazi yenyewe ilikuwa mahali pawili, Muhuru Bay kusini karibu na mpaka, na ufuoni chini ya Kisegi. Kila mahali palikuwa na ubao mrefu mweupe wenye alama za sentimita, umepigiliwa kwenye nguzo ndani ya maji. Watu waliuita rula. Msomaji aliiangalia rula mara tatu kwa siku, saa kumi na mbili asubuhi, saa sita mchana na saa kumi na moja jioni, kisha akatuma wastani wa kila siku kwa fomu. Kando ya rula kulikuwa na sanduku la chuma lililofungwa kwa kufuli, na bomba lililosimama majini likiwa na boya ndani. Boya likipanda, uzi ulizungusha gurudumu dogo, umeme ukabadilika kidogo, na kompyuta ndogo mle sandukuni ikapata kina cha maji.

Programu za masanduku hayo ziliandikwa kwanza kwa namba tupu za mashine, kazi ya kumtoa mtu macho. Phelesia akakataa. Kwa miaka miwili aliunda kompaila yake mwenyewe, yaani programu inayochukua maneno ambayo binadamu anaweza kuyasoma na kuyageuza kuwa namba za mashine. Kati ya maneno na namba aliweka hatua moja aliyoipenda kuliko zote, akaiita lugha ya katikati. Humo kila kazi ilikatwakatwa kuwa mistari mifupi. Mstari wa TENGA ulitenga nafasi katika kumbukumbu ya mashine na kuipa jina. SOMA ulichukua kilichomo katika nafasi hiyo. WEKA ulitia kitu kipya. Hapakuwa na njia nyingine ya kugusa kumbukumbu ila hiyo, na ndiyo iliyokuwa fahari yake. Ukitaka kujua nani kagusa nini na lini, soma mistari.

Hata kina cha ziwa kilisomwa vivyo hivyo. Walioliunda sanduku walikuwa wameunganisha waya za boya na nafasi moja ya kumbukumbu. Programu iliposema SOMA BOYA, ilipata kina cha maji kama vile inasoma namba yoyote iliyohifadhiwa.

Mwezi wa nane Mochama alitaka masanduku yapime pia joto la maji. Programu ikawa kubwa, chipu, kile kidude kinachobeba programu ndani ya sanduku, haikuitosha. Phelesia akaipa kompaila hatua mpya ya kupitia lugha ya katikati na kuondoa mistari ya kazi ya bure. Programu ikapungua, ikaingia. Alipewa chipu mbili mpya. Moja akaipachika Muhuru Bay. Ya pili ilivunjika mguu mmoja alipokuwa akiijaribu mezani, kwa hiyo Kisegi ikabaki na chipu ya zamani ikisubiri.

Mwezi wa tisa ndipo vipimo vya Muhuru vilipoanza kuachana. Sanduku lilisema wastani wa siku ni mita moja na sentimita hamsini na mbili, na fomu ya Levi, msomaji wa huko, hamsini na saba. Kesho yake hamsini na tatu kwa hamsini na tisa. Kila siku mzee alikuwa juu, hakuwa chini hata mara moja. Kule Kisegi, msomaji aliyeitwa Trizah alikubaliana na sanduku lake kama mtu na kivuli chake.

"Trizah hana ubishi na mashine," Mochama alisema. "Kwa nini Levi ana ubishi?"

Sababu ilipatikana upesi, na ilikuwa tamu mno kuikataa. Kamati ya wilaya ilikuwa imeamua kwamba maji ya Muhuru yakifika mita moja na themanini, eneo la kuanikia omena, wale dagaa wa ziwani, litahamishwa kutoka ufuoni na kupelekwa juu. Na huko juu kulikuwa nani? Ukoo wa Levi Onditi, ambao ungelipwa kodi ya ardhi hiyo. Phelesia aliposikia hivyo alihisi kama mtu aliyeona nyoka akiingia nyumbani na sasa anajua yuko chini ya kitanda gani.

Na tena alikuwa na ushahidi wa macho yake. Kila Ijumaa alifika Muhuru kwa Land Rover ya kituo kuchota vipimo kutoka sandukuni. Alifika asubuhi, ziwa likiwa limetulia kama maji ya karai, akaangalia rula, na rula ikakubaliana na mashine. Kila mara. Saa tano ikikaribia alikuwa keshaondoka, kwa kuwa barabara ya mvua haikutaka mtu wa kuchelewa.

Mara moja tu alimuuliza Levi uso kwa uso. Levi alikuwa mzee mrefu wa miaka sitini na kitu, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, aliyezoea kuongea polepole kama anayeandika ubaoni.

"Mzee, mbona vipimo vyako viko juu?"

"Maji hupanda jioni, nyar Awendo. Upepo unayaleta huku," alisema mzee, akimwita kwa Kijaluo binti wa Awendo.

"Mashine nayo inasoma mpaka jioni, mzee. Mara kumi na mbili kwa siku."

"Basi njoo jioni, uone."

Phelesia akaona hiyo ni mbinu ya kumpotezea siku. Aliporudi ofisini akaandika katika ripoti kwamba amekagua sanduku na ni sahihi. Barua ikafuata.

Baada ya Levi kusimamishwa, tangazo la kituo lilitegemea sanduku peke yake. Karatasi ilibandikwa ukutani kwa chifu, kwamba maji hayajafika mita moja na themanini na wanawake waendelee kuanika omena ufuoni. Haikupita wiki mbili. Jumatano moja asubuhi mlango wa ofisi ya Mochama ulifunguliwa bila hodi, akaingia mwanamke wa makamo, leso imelowa mpaka magotini, akavuta gunia na kulitua juu ya meza, juu ya mafaili. Harufu ikajaza chumba. Lilikuwa gunia la omena iliyooza. Mwanamke huyo aliitwa Milka, mchuuzi wa Muhuru, na alikuwa amekuja na gari la kwanza.

"Mlisema maji yako chini," alisema. "Jana saa kumi ziwa limeingia juu ya nyavu zetu za kuanikia. Yangu, ya dada yangu, ya kila mtu. Hiyo hapo. Pimeni na hiyo."

"Mama, hayo yalikuwa mawimbi," Mochama alisema akirudisha kiti nyuma.

"Mawimbi yanarudi. Haya yalikaa mpaka giza. Niambieni, nani aliandika ile karatasi?"

Phelesia alikuwa na namba ya siku ile kichwani. Kwa wiki mbili mvua ilikuwa imepandisha ziwa, lakini jana yake sanduku, ambalo sasa alilichungulia kutoka Migori kwa simu ya redio iliyowekwa kwa chifu na kuunganishwa nalo kwa waya, lilikuwa limetoa mita moja na sentimita sabini na nne. Kwa namba ile, nyavu zingekuwa kavu.

Milka alipoondoka, Mochama alifunga mlango.

"Amelichezea," alisema. "Tumemsimamisha, naye amelichezea sanduku kulipiza. Ameukata uzi au amelifunga boya. Madam, nenda kalale huko siku mbili. Usimwambie mtu umekwenda kufanya nini. Niletee ushahidi nimpeleke polisi."

Phelesia alikwenda akiwa anaamini hivyo hivyo. Alichukua chumba nyuma ya duka moja Muhuru, akasema amekuja kutengeneza redio ya chifu. Kufuli la sanduku lilikuwa zima. Ufunguo wake ulikuwa mmoja tu, na ulining'inia shingoni mwake mwenyewe. Uzi wa boya ulikuwa mzima. Akaona hilo halimtoi mtu hatiani, huenda mzee analiinua bomba lenyewe kwa nje. Basi saa kumi na nusu jioni akajibanza kati ya mitumbwi miwili iliyopinduliwa ili ipakwe lami, akangoja.

Upepo ulikuwa umeanza tangu saa nane, ukitoka ziwani moja kwa moja. Saa kumi na moja barabara Levi akatokea, koti la mvua limemfika visigino, daftari kwapani. Mzee hakulitazama sanduku hata kwa jicho la pembeni. Aliingia majini mpaka kiunoni, akasimama mbele ya rula muda mrefu, akiacha wimbi lipite na lingine lipite. Akarudi nchi kavu, akageuzia mgongo upepo, akaandika, akaenda zake.

Alipopotea, Phelesia alitoka mafichoni, akavua viatu, akaingia majini. Asubuhi ile rula ilikuwa imesema sabini na tano. Sasa ilisema themanini na sita. Alirudia kusoma mara tatu, akijishuku macho. Ziwa lilikuwa limepanda sentimita kumi na moja tangu asubuhi, na hapakuwa na mtu aliyeligusa.

Akafungua sanduku, akachukua mita ya umeme, akapima waya za boya moja baada ya nyingine. Umeme wa boya ulisema themanini na sita vilevile. Kwa hiyo boya lilijua, na waya zilijua. Kesho yake alfajiri alipochota wastani wa siku iliyopita, sanduku lilimpa sabini na tano.

Alikaa juu ya jiwe, kompyuta ndogo mapajani, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tisa shuku yake haikujua pa kutua.

Nyumba ya Levi ilikuwa juu, mwendo wa robo saa kutoka ufuoni. Alimkuta barazani akinoa jembe.

"Hodi, mzee."

Levi hakuinua kichwa. "Ofisi ilishanimaliza. Nini tena?"

"Nataka kuona daftari lako."

"Umeshaandika kwamba ni la uongo."

"Niliona fomu tu, na fomu ina wastani. Daftari lenyewe sijaliona."

Mzee aliingia ndani, akakaa huko kitambo, akatoka nalo limefungwa kwenye karatasi ya nailoni. Hakumpa.

"Halitoki mkononi mwangu, nyar Awendo. Likitoka leo, kesho litarudi na namba nyingine. Utasoma nikilishika."

Basi wakakaa kwenye benchi moja, mzee amelishika daftari kwa mikono miwili, Phelesia akinakili kwenye karatasi yake. Kila aliponakili, Levi alimtaka asome kwa sauti alichoandika, kisha ndipo alowanishe kidole na kufunua ukurasa. Safu zilikuwa tatu, asubuhi, mchana na jioni, kwa mwandiko wa mwalimu. Siku za Novemba zilikuwamo zote, hata zile za baada ya barua.

"Mzee, ulisimamishwa. Kwa nini uliendelea kusoma?"

"Kwani maji nayo yalisimamishwa kazi?"

Phelesia aliinamisha macho kwenye karatasi. Hapo ndipo alipoona. Alitoa orodha ya sanduku kutoka mkobani, akailaza kando. Septemba kumi na tano, sanduku hamsini na mbili, asubuhi ya Levi hamsini na mbili. Kumi na sita, hamsini na tatu, hamsini na tatu. Siku ile ziwa lilipoingia juu ya omena ya Milka, sanduku sabini na nne, asubuhi ya Levi sabini na nne, mchana themanini, jioni themanini na tisa. Siku baada ya siku, wastani wa sanduku ulikuwa ni ile namba ya asubuhi peke yake.

Mawazo ya kwanza yaliyomjia yalikuwa ya aibu, na baadaye hakuyaficha. Alidhani mzee alinakili namba za asubuhi kutoka sandukuni.

"Umewahi kulifungua sanduku?"

"Unaniuliza kama mwizi."

"Nauliza tu."

"Ufunguo uko shingoni mwako. Na hata ungenipa, lile sanduku halina uso. Ningesoma nini?"

Ni kweli. Sanduku halikuwa na kioo cha kuonyesha namba. Bila kompyuta ya Phelesia, hakuna mtu ambaye angejua limehifadhi nini. Kumbe macho ya mzee na boya viliona kitu kimoja kila asubuhi, na kila jioni mzee aliendelea kuona, sanduku likaacha. Boya halikuacha, yeye mwenyewe alilipima. Kilichoacha kilikuwa kati ya boya na wastani, na hapo kati hapakuwa na kitu kingine ila programu. Na programu ilitoka kwenye kompaila yake.

Akakumbuka Kisegi. Trizah alikubaliana na sanduku kwa sababu sanduku lake lilikuwa na chipu ya zamani.

Aliondoka bila kumwambia Levi neno. Hakuwa na uhakika bado.

Aliporudi Migori alichapisha lugha ya katikati ya programu ya Muhuru, mara mbili, kabla na baada ya ile hatua yake mpya ya kupunguza, akazilaza karatasi mbili mezani na kuzifuata kwa rula ya shule. Kabla ya kupunguza, programu ilianza saa kumi na mbili asubuhi, ikatenga nafasi ya JUMLA, ikaingia kwenye mzunguko wa mara kumi na mbili. Ndani ya mzunguko kulikuwa na SOMA BOYA, ongeza kwenye jumla, WEKA JUMLA, lala saa nzima. Baada ya kupunguza, mzunguko ulikuwa umebaki na kuongeza, kuweka na kulala. SOMA BOYA haikuwamo. Aliikuta juu, nje ya mzunguko, imekaa peke yake.

Alielewa hapo hapo. Alikuwa ameifundisha kompaila kwamba ikikuta SOMA ndani ya mzunguko, itafute kama kuna WEKA yoyote inayobadilisha nafasi ile. Kama hakuna, basi kitu hakijabadilika, na hakuna haja ya kukisoma mara kumi na mbili. Kisomwe mara moja, kabla ya kuanza, namba ile itumike mpaka mwisho. Kwa nafasi ya kawaida hiyo ilikuwa hesabu safi. Lakini BOYA haikuwa nafasi ya kawaida. Hakuna mstari wa programu uliowahi kuiandika, wala hautawahi. Aliyeiandika alikuwa ziwa. Kompaila ilitafuta mkono wa kubadilisha ndani ya mistari, haikuuona, ikahitimisha kwamba maji ya saa kumi na mbili ndiyo maji ya siku nzima. Sanduku likajumlisha asubuhi moja mara kumi na mbili, likagawanya kwa kumi na mbili, likapata asubuhi ile ile.

Hapakuwa na kijicho. Hapakuwa na ukoo wala shamba la juu. Kosa lilikuwa lake, mistari ya mkono wake.

Mochama alipoelezwa, hakushawishika.

"Madam, nikuulize bila kukasirika. Huyo mzee ni wa kwenu, sivyo? Na uchaguzi umekaribia. Kila mtu anatafuta mtu wake."

"Injinia, kama ningetaka kumtetea wa kwangu, ningeitetea kompaila."

"Maneno hayo ni mazuri. Mimi nataka kuona."

Ikaletwa ndoo ya maji. Phelesia alichukua sanduku la akiba, akabadilisha mahali pa kulala saa nzima pawe dakika moja, akapachika programu iliyopitia hatua ya kupunguza. Mochama hakumruhusu aguse boya. Alilishika mwenyewe, akainama kwanza chini ya meza kuangalia kama kuna waya nyingine. Kila dakika akaongeza maji kwa kikombe, boya likapanda. Dakika kumi na mbili zikaisha. Wastani ulikuwa ule wa kikombe cha kwanza. Akaimwaga ndoo, akarudia, safari hii akianza na maji mengi na kuyapunguza. Wastani ukawa wa mwanzo tena. Phelesia akatia programu ya zamani, isiyopunguzwa. Mochama akamimina vikombe, mashine ikamfuata, wastani ukaangukia katikati kama unavyotakiwa.

Injinia alifuta mikono kwenye suruali. Alikuwa mtu mgumu, lakini hakuwa mtu wa kukataa ndoo.

"Tutaandika makao makuu hitilafu ya mashine," alisema hatimaye.

"Mashine haikuwa na hitilafu. Tuandike hitilafu ya kompaila, na jina langu."

"Watakuuliza mengine yote uliyoandika ni salama kiasi gani."

"Na waulize."

Ukarabati wenyewe ulichukua siku mbili. Katika lugha ya katikati aliongeza mstari mpya, akauita CHUNGULIA. Ulikuwa kama SOMA, ila ulitumika kwa nafasi zinazobadilika zenyewe, na kompaila ilikatazwa kuufuta, kuuhamisha, au kudhani kwamba jibu la jana ndilo la leo. Halafu akapitia programu zote za kituo, mstari kwa mstari, akitafuta mahali pengine alipodhani kwamba asichokiandika yeye hakibadiliki. Alipata pawili. Chipu ya Muhuru ikabadilishwa wiki hiyo hiyo, na eneo la kuanikia likahamishwa juu kama kamati ilivyoamua, kwa namba za daftari la Levi. Milka hakupata chochote ila pole, na pole yenyewe hakuipokea. Alisema ataipokea siku omena ikifufuka.

Barua ya kumrudisha Levi kazini Phelesia hakuituma kwa posta. Aliipeleka mwenyewe, alasiri ya Ijumaa. Wanawake waliokuwa wakianika kule juu wakaacha kazi walipomwona. Alimpa mzee bahasha. Levi akaisoma yote, akaikunja, akamrudishia.

"Ile ya kwanza ilisomwa kule ufuoni mbele ya watu. Karani wa chifu aliisoma. Hii nayo nani ataisoma?"

Phelesia akaifungua, akaisoma kwa sauti mbele ya wanawake wale, hata pale palipoandikwa kwamba kosa lilikuwa katika programu iliyoandikwa na P. Aloo na kwamba tarakimu za Bwana Onditi zilikuwa sahihi kuanzia siku ya kwanza. Kisha akasema lile ambalo halikuwa ndani ya barua: "Mzee, mimi ndiye niliyeanza kukushuku, kabla ya Injinia. Hata jioni ile nilijificha kati ya mitumbwi nikuone ukiiba. Naomba unisamehe."

"Nilikuona," Levi alisema. "Koti lako ni jekundu."

Mwanamke mmoja akacheka. Levi hakucheka, wala hakusema kwamba amemsamehe. Alitazama jua, akalichukua daftari lake na kuanza kushuka kuelekea majini, kwa kuwa saa kumi na moja ilikuwa imekaribia. Baada ya hatua kadhaa akageuka.

"Unakuja au huji? Leo utasoma wewe kwanza, uandike. Halafu nitasoma mimi, niandike. Tukitofautiana, tutasimama mle mpaka tukubaliane."

Phelesia alivua viatu, akamfuata. Maji yalikuwa baridi, upepo ukawapiga usoni. Alisoma tisini na moja. Levi akasoma tisini. Wakabaki wamesimama bega kwa bega, hakuna aliyemtazama mwenzake, wakingoja wimbi lipite.